Ndoo ya Mwisho wa Mwaka

Siku ya mwisho wa mwaka, hakuna mtu wa Placetas, mji wa Kuba, anayekaa kitako. Nyumba lazima ioshwe, kuanzia sebuleni mpaka chooni. Maji machafu hukusanywa kwenye ndoo, na mwaka ukiisha ndoo inamwagwa barabarani, ili mabaya yote yaende nayo. Mpita njia asiyetazama huondoka na mabaya ya jirani, tena yakiwa yamelowa.

Nyumbani kwa Osdany, fundi viatu, mwenye mamlaka juu ya ndoo alikuwa mama mkwe wake, Mama Eneida. Alikuwa na miaka sabini na moja, ugonjwa wa pumu, na imani moja isiyotikisika: usafi usiowasha pua si usafi.

"Mkwe, njoo unuse hapa," alisema asubuhi hiyo.

Osdany akanusa ndoo. "Inanukia sabuni, mama."

"Sabuni tu! Mwaka huu tumeibiwa kuku watatu, paa limevuja, na wewe umevunjika kidole. Unadhani sabuni itayatoa yote hayo?"

"Kidole kilishapona, mama."

"Kimepona kikiwa kimepinda. Lete klorini."

Osdany akaleta klorini ya kufulia nguo nyeupe. Ilikaa kwenye chupa kuukuu ya ramu, bila maandishi yoyote. Mama Eneida akamimina nusu chupa ndani ya ndoo, akaibeba mpaka bafuni. Bafu lao ni dogo, lina kidirisha kimoja tu. Siku hiyo kilikuwa kimefungwa, vumbi lisiingie.

Jikoni, Yanelis, mke wa Osdany, alikuwa akikamua madanzi. Maji yake yalikuwa ya kuchanganya na kitunguu saumu, kisha kumwagia mihogo.

"Mama, maganda haya nitupe?"

"Thubutu! Yatie ndooni yalete harufu nzuri. Na siki iliyobaki, mkwe, ilete yote. Siki inakata uchafu, klorini inaua vijidudu. Vikiungana, nani atavishinda?"

Hesabu hiyo ilionekana sahihi kabisa. Osdany akatia maganda. Akamimina siki kwa mkono wake mwenyewe, mpaka tone la mwisho. Kisha akarudi uani kugeuza mguu wa nguruwe juu ya makaa, akiwa na moyo mweupe wa mtu aliyetimiza wajibu.

Alisikia kikohozi cha kwanza. Hakujali, maana Mama Eneida alikohoa kila siku. Alisikia cha pili, na cha tatu. Cha nne kikakatika katikati.

"Mama?"

Akauacha mguu wa nguruwe.

"Mama Eneida!"

Osdany alikimbia. Alipousukuma mlango wa bafu, harufu ilimpiga usoni. Haikuwa harufu ya klorini aliyoizoea siku za kufua. Hii ilikwaruza koo kama msasa. Macho yakamjaa machozi. Mama Eneida alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo, mdomo wazi, na hewa haiingii.

Alibana pumzi, akamshika kwapani, akamburuta mpaka uani. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Yanelis! Leta maziwa! Watu husema maziwa yanasafisha kifua!"

"Weka maziwa chini!" Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Ilikuwa ya Migdalia, jirani yao, muuguzi wa zahanati ya mtaa. Harufu ilikuwa imemfikia. Aliruka ua kwa namna ambayo sketi yake haikuikubali. "Mtu asiyeweza kupumua hanyweshwi kitu, atapaliwa. Mkalishe wima. Mlegezee nguo shingoni. Kipulizia chake cha pumu kiko wapi?"

Osdany na mkewe wakatazamana.

"Bafuni," Yanelis alisema. "Kwenye rafu."

Osdany akageuka mbio. Migdalia akamdaka mkanda.

"Unakwenda wapi?"

"Kukichukua! Niache!"

"Humo ndani kuna hewa ya sumu. Ukianguka huko, nitakuwa na wagonjwa wawili, na mikono yangu ndiyo hii miwili. Dada Yanelis, kimbia zahanati. Waambie wakupe kipulizia cha dharura, na waite gari."

Zahanati iko hatua sitini kutoka mlangoni. Kwa Osdany, siku hiyo ilikuwa mbali kama Havana. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mama mkwe wake. Ulikuwa baridi. Kila pumzi ililia kama filimbi iliyoziba, na baada ya kila pumzi yeye alisubiri nyingine, asijue kama itakuja.

"Mimi ndiye niliyemimina siki," alisema. "Dada Migdalia, ni mimi."

"Utajilaumu baadaye. Sasa mwambie apumue polepole."

"Polepole, mama. Vuta kidogo. Tena. Usiache, tafadhali, usiache."

Yanelis alirudi bila kiatu kimoja. Migdalia akamwekea mama kipulizia mdomoni, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Dakika ikapita, halafu nyingine. Filimbi ikapungua sauti. Gari lilipofika, Mama Eneida alikuwa ameweza kufinya kidole cha mkwe wake, kile kilichopinda, na Osdany akalia mbele ya mtaa mzima.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari alisema hatoki mpaka kesho, kwa sababu hewa ile inaweza kuumiza mapafu saa nyingi baada ya mtu kudhani amepona.

"Lakini ni vitu vya nyumbani!" Osdany alimwambia Migdalia kwenye benchi la nje. "Siki tunakula. Danzi tunakula."

"Kila kimoja peke yake kina kazi yake. Klorini ikikutana na kitu kichachu kama siki, ndimu au danzi, inatoa hewa ya sumu. Ikikutana na dawa kali za choo, inatoa nyingi zaidi. Na dawa za amonia vilevile, usizichanganye nayo."

"Basi tutumie nini?"

"Vyenye nguvu ndogo vinatosha. Siki iliyozimuliwa kwa maji ifute vioo, na iondoe ukoko mweupe kwenye bomba. Magadi ya kupikia yasugue sinki na jiko. Klorini itumie pale tu inapohitajika. Itie kwenye maji baridi, katika ndoo yake yenyewe, madirisha wazi. Iache kwenye chupa yake yenye maandishi. Siku moja mgeni wako angeinywa akidhani ni ramu."

Osdany alifikiria wageni wake. Alijua watatu ambao wasingeuliza.

"Na ile ndoo iliyoko bafuni?"

"Usiiguse, wala usiongeze kitu ndani yake. Nitakwenda na watu wa zahanati, tuiache nyumba ipate hewa kwanza."

Mama Eneida alirudi nyumbani tarehe moja mchana. Hakuzungumzia ndoo. Aliagiza mihogo yake ipashwe moto, akala yote.

Jumamosi ya pili ya Januari walifanya usafi. Kidirisha cha bafu kilikuwa wazi, mlango umewekewa jiwe usijifunge. Klorini ilikaa juu kabatini, kwenye chupa mpya yenye maandishi makubwa mekundu. Mama Eneida alisugua sinki kwa magadi na kitambaa chakavu, akasuuza, likang'aa. Pua haikuwasha hata kidogo. Majirani wawili walikuja kuona, nao wakaomba waelezwe.

Osdany alisimama nje ya mlango wa bafu, akisikiliza pumzi za mama mkwe wake. Moja. Nyingine. Nyingine tena.

"Mkwe," mama aliita kutoka ndani.

"Naam, mama! Unajisikiaje?"

"Najisikia nachunguliwa. Kamata kitambaa, uingie ufute kioo."

Akaingia.