Plasta Gumu la Chumba Namba Tisa

"Soni anaita. Wa juu, unanipata?"

"Nakupata."

"Mzigo usiguswe mpaka daktari afike. Saa tisa. Narudia, usiguswe."

"Nimesikia."

Yunis Shekalaghe aliifukia redio yake ya Motorola chini ya mataulo kwenye toroli lake la usafi. Siku tatu sasa hoteli hii ya mjini Lushoto ilimjua kama mhudumu wa vyumba. Bastola ya Makarov iliyofungwa pajani mwake ilimjua vizuri zaidi.

Daktari! Alitamani kutema mate.

Mwaka ulikuwa 1994. Biashara ilikuwa ruksa, na kila mwenye suti alijiita mfanyabiashara. Silvano wa chumba namba tisa alikuwa mmoja wao. Mkufu wa dhahabu. Ray-Ban machoni hata ndani ya chumba cha kulia. Bia za kopo alikuja nazo mwenyewe, eti za hapa zinamvuruga tumbo. Mkewe, Mariamu, alikwisharudisha supu jikoni mara mbili. Kwenye kitabu cha wageni waliandika: familia, mapumziko. Binti yao wa miaka saba, Marta, alikuwa amefungwa plasta gumu mguu wa kushoto.

Familia gani hii? Mtoto alilazwa kwenye zulia. Ukimwita Marta, hageuki. Kila asubuhi alimwamkia huyo mama yake shikamoo, na mama hakuitikia.

Ndani ya plasta mlikuwa na yakuti kutoka bonde la Umba, zilizopandishwa milimani kupitia Lukozi. Askari gani wa kizuizi cha njiani angepasua plasta la mtoto mgonjwa? Mnunuzi, mgeni aliyejiita Dokta Kroll, angekuja kulifungua na kuondoka na mawe. Mara mbili alikwishawaponyoka Yunis na wapelelezi wenzake. Safari hii walitaka wamkute mzigo ukiwa mikononi.

Saa nane, Silvano na Mariamu walishuka kula.

Yunis aliingia.

Mtoto alikuwa kwenye zulia, kimya. Yunis akafunua shuka. Vidole vya mguu vilikuwa vimevimba, vya baridi, vimegeuka rangi ya zambarau. Harufu ikampiga puani.

"Nyumbani wanakuitaje, mwanangu?"

Mtoto alitazama mlango kwanza. "Rahma."

Akaendelea kwa Kibondei: kwao ni Muheza, kwa bibi. Mama mdogo Mariamu alisema anampeleka shule Dar es Salaam.

"Mguu ulivunjika lini?"

"Haukuvunjika, mama."

Yunis akanyakua redio.

"Soni, mguu wa mtoto unaoza. Nakata plasta."

"Hapana! Bado saa moja tu. Ukikata, Kroll anatuponyoka tena!"

"Angekuwa mwanao ungengoja?"

"Yunis, hiyo ni amri!"

Akaizima.

Akafungua kisu chake cha Victorinox, upande wa msumeno. Akakata taratibu, jasho likimtiririka. Plasta likaachana vipande viwili. Vifuko vya mawe vilikuwa vimebana nyama mpaka vidonda. Akavisugua vidole kimoja kimoja.

"Unasikia hapa?"

"Panawasha."

Yunis akacheka kwa furaha, peke yake.

Mlango ukafunguka. Silvano, amefuata sigara zake.

"We kijakazi, unafanya ni—"

Toroli likamgonga miundi. Akaanguka kifudifudi. Alipoinua uso, mtutu wa Makarov ulikuwa sikioni.

"Si mimi!" alilia lile jibaba. "Ni Mariamu! Mtoto ni wa dada yake!"

Suruali yake ya sufu ikalowa. Yunis alimfunga kwa mashuka, akamziba mdomo kwa soksi yake mwenyewe, akamtupa bafuni.

Akamhamishia Rahma chumba cha mashuka. Pale kwenye zulia akapanga mito chini ya blanketi, akavifunga vile vipande viwili pamoja na mawe yake, akaacha plasta lichomoze.

Saa tisa kamili, Land Rover nyeupe ilisimama uani. Kroll alipanda na mkoba wake wa kidaktari. Mariamu alimfuata akijifuta mafuta mdomoni. Sahani ya mumewe nayo alikuwa ameimaliza.

"Mgonjwa wetu amelala?" Kroll aliuliza.

Hakutazama upande wa kichwa. Mariamu naye hakutazama. Hakuna kati yao aliyewahi kumtazama yule mtoto usoni. Macho yao yote yalikuwa kwenye plasta.

Kroll alivuta kifuko. Yakuti zikang'aa kiganjani.

"Pole na kazi, Dokta," Yunis alisema nyuma ya mlango. "Usiyaachie mawe. Inua mikono hivyo hivyo."

Kwa mkono wa kushoto akawasha redio.

"Soni, pandeni. Ameushika."

Mariamu alianza kupiga yowe kwamba yeye ni mke wa mtu, ana watu wakubwa, watakiona. Yunis alimwangalia kama mtu anavyoangalia tope kwenye kiatu.

Dakika ishirini baadaye, wenzake wakiwa wamewatia pingu wale watatu juu, mkuu wake aliyekuwa akingoja Soni aliingia mapokezi akihema.

"Ulivunja amri, Yunis. Utaandika maelezo."

Yunis alikuwa anashuka ngazi, Rahma mgongoni, amefungwa kwa taulo la hoteli.

"Nitaandika," alisema bila kusimama. "Funguo za gari. Natangulia hospitali."

Mkuu alisita. Kisha akazitoa mfukoni.