Ubeti wa Tatu

Kila jioni, Vailet alipokuwa akiosha vyombo nyumbani kwao Bagara, alimsikia jirani yao, Mama Calvin, akiimba ng'ambo ya ua huku akipukuchua mahindi. Wimbo ulihusu mvua iliyochelewa. Mama Calvin alikuwa ameutunga mwenyewe, na Vailet alilijua hilo.

Hata hivyo, Mwalimu Teodori alipouliza nani ana wimbo mpya wa siku ya wazazi, Vailet alisimama akaimba beti mbili alizozishika.

"Umetunga wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Darasa likapiga makofi. Moyoni Vailet alijiambia kuwa wimbo ule haukuandikwa kitabuni wala haukupigwa redioni, kwa hiyo haukuwa wa mtu.

"Ila ni mfupi," mwalimu akasema. "Ijumaa tuletee ubeti wa tatu."

Hapo raha ikamwishia. Kila alichojaribu kutunga, mdogo wake Brayson alikicheka. "Dada, hiyo ni mvua au tangazo la sabuni?" Vailet akasogea uani kusikiliza, lakini mahindi yalikuwa yamekwisha, na Mama Calvin hakuwa mtu wa kuimba bila kazi mkononi.

Alhamisi akapiga hodi.

"Shikamoo, Mama Calvin."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

Vailet akaeleza yote, macho chini.

"Ule wimbo niliutunga shambani Sigino, mahindi yamenyauka, sijui Calvin atakula nini. Walipokupigia makofi, ulijisikiaje?"

"Nilifurahi. Halafu nikaona aibu."

"Ungeniomba tu, nisingekunyima." Akamsogezea kigoda. "Kaa. Ubeti wa tatu ndipo mvua inaponyesha. Lakini kesho, kabla hujauimba, mwambie mwalimu ukweli."

Ijumaa, Vailet alisimama mbele ya darasa. Aliposema wimbo haukuwa wake, minong'ono ikaanza. "Kumbe!" mmoja akacheka. Mwalimu akawanyamazisha.

"Kutumia kazi ya mtu si kosa, akikuruhusu nawe ukamtaja," alisema taratibu. "Kosa ni kuichukua kimya kimya ukaiita yako, hata kama haijaandikwa popote. Vailet, wewe ndiye utakayemtangaza mtunzi."

Siku ya wazazi, kabla kwaya haijaanza, Vailet alisogea mbele. "Wimbo huu umetungwa na Genoveva Nestory, mama yake Calvin, wa hapa Bagara."

Kwenye viti vya nyuma, Mama Calvin akajifunika uso kwa kanga, akicheka. Ubeti wa tatu ulipofika, alikuwa amesimama, akiimba pamoja nao.