Wamefutwa Wawili

Kila alasiri baada ya masomo, Chiriku, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kusema, alipitia zahanatini kumsaidia shangazi yake, muuguzi. Kazi yake ilikuwa kwenye kompyuta. Humo kila namba ya mgonjwa iliunganishwa na namba moja ya simu, na dawa zilipofika, simu hiyo ilitumiwa ujumbe wa kumwita mgonjwa.

Siku moja alikuja mjane wa mwashi, macho yamemvimba.

"Muuguzi, mume wangu nimeshamzika. Lakini simu bado inamwita aje kuchukua dawa. Nihurumieni."

"Pole sana, mama," shangazi alisema. "Chiriku, mwondoe marehemu. Katafute kadi yake, ufute kwa namba yake ya mgonjwa."

Kadi zilikuwa katika chumba cha nyuma, na wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani. Uvivu ukamshika. Akaiamuru kompyuta imfute kila mgonjwa mwenye namba ya simu aliyopewa na yule mjane. Kioo kikaandika: Wamefutwa wawili.

Wa pili ni nani? Siku hiyo msemaji wetu alikosa neno. Alizima kompyuta akaenda kucheza.

Wa pili alikuwa fundi cherehani, mpangaji wa mjane, aliyekuwa na kifafa. Hakuwa na simu, akatumia ya mama mwenye nyumba. Ujumbe haukuja, naye akadhani dawa hazijafika. Zile alizokuwa nazo zikamwishia. Akaanguka kazini, juu ya pasi ya moto.

Alipoletwa zahanatini, mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua vibaya, vidole vimekunjamana. Shangazi alimtafuta kwenye kompyuta, hayumo.

"Nani amemwondoa huyu?"

"Ni mimi, shangazi." Chiriku alikuwa akilia. "Niliona wamefutwa wawili. Nikaogopa, nikanyamaza."

Shangazi hakumkaripia. Alifungua nakala ya akiba, wakamrudisha fundi kwa namba yake. Kisha akampeleka Chiriku kitandani kwa mgonjwa.

"Mwambie mwenyewe."

Chiriku alimwambia yote na kumwomba radhi. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Ndio mkono wangu wa mkasi huu," alisema, akageukia ukutani.

Nje, shangazi alimshika bega.

"Kukosea, mwanangu, hata mimi nakosea. Ungeniambia siku ile ile, tungemrudisha hata kabla hujafika uwanjani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kompyuta ina nakala ya akiba. Mkono wa fundi hauna."