Kiraka Kwenye Spika

Jua lilikuwa linazama fundi alipotoka kununua gundi. Aliporudi alimkuta mwanamke mlangoni kwake, na spika mbili kuukuu miguuni pake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu."

"Ni za marehemu mama. Hii moja imechanika ndani. Kiraka kiwe hiki." Akampa kitambaa cheupe kilichokunjwa. "Hiki hiki, tafadhali."

Fundi hakupenda kufundishwa kazi. Kitambaa kilikuwa kigumu kama boksi, tena kinanuka... dawa, na mate yaliyokauka. Kiraka kizito huua sauti ya spika, hilo kila fundi analijua. Mgeni alipopotea kwenye kona, akakitupa kwenye moto wa taka uani, akaingia chumbani na kukata pembe ya mtandio wa mkewe. Ulikuwa laini, mwepesi, umezoea shingo yake.

"Mtandio wangu, fundi?" mkewe akauliza kutoka jikoni, akicheka. "Spika za watu zinavishwa, mke wako anavuliwa."

Mke huyu alikuwa na maneno, na mumewe hakuwahi kuyachoka. Aliongea na sufuria, aliongea na jirani juu ya ukuta, na kitandani aliongea mpaka usingizi umkatize. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya nyumba ile.

Akakibandika kwenye spika pale sebuleni, gundi ikakauka. Jioni ya pili sauti ya mke ikaanza kukwaruza.

"Mafua tu," alinong'ona.

Baadaye hata mnong'ono ukaisha. Daktari alimulika koo, hakuona kitu. Nyumba ikapoa, na fundi akawa anaongea peke yake ili kuta zisimzidi.

Magharibi moja walikuwa wote wawili jikoni. Mke anamenya vitunguu, mume anamsaidia kuwasha jiko.

"Fundi... chai yako inapoa."

Sauti ilikuwa ya mkewe. Lakini mkewe alikuwa mbele yake, mdomo umefumbwa, kisu kimesimama mkononi.

Ilitoka sebuleni.

Fundi aliingia kwa kunyata. Karatasi ya spika ilikuwa inatetema pole pole, na kiraka chake katikati. Akaufuata waya kwa macho. Haukuunganishwa na kitu chochote. Ulikuwa umelala sakafuni.

Akashika kisu chembamba, akainua ukingo wa kiraka... Jikoni sufuria ikaanguka. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili, hapumui. Akaachia upesi. Alijaribu tena kwa mafuta ya kulainishia gundi, taratibu, huku akimtazama. Yakawa yale yale. Fundi alikaa chini akalia, maana kazi ilikuwa ya mikono yake mwenyewe na mikono hiyo haikuweza kuifungua.

Hodi.

Alikuwa mwenye spika.

"Ulitumia kitambaa changu?"

"Kilikuwa kigumu, dada. Nilikichoma."

Mwanamke akajishika kichwa. "Nilimfunga nacho mama kidevu siku aliyokata roho," alinong'ona. "Sauti yake ilikuwa mle. Mwenyewe yumo humu kwenye spika, ila hana cha kusemea."

"Amechukua cha mke wangu. Nakuomba, nirudishie."

"Sijui namna. Mzee aliyenielekeza alinifundisha kubandika. Kubandua hakunifundisha."

"Basi haitoki humu ndani." Fundi akaikumbatia spika.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, analisikia kila neno. Ndipo spika ikatetema kifuani pa fundi. Ilisema kwa sauti ileile aliyoizoea kitandani, ya upole, ya mtu aliyechoka kusubiri:

"Mwanangu... nipeleke nyumbani."

Mke alitikisa kichwa. Hapana. Machozi yanamtoka, na kichwa kinatikisika. Hapana, hapana.

"Mama?" Mwanamke hakumwona tena mtu mwingine mle ndani. Akashika upande wa pili wa spika, akavuta. Fundi akavuta. Karatasi ikalia kwa ndani, kiraka kikaanza kuachia ukingoni, na mke akaanguka kwa magoti, macho yamemtoka.

Fundi akaona: akikaza, atamuua mkewe.

Akaachia.

Mwanamke alitoka na spika ile moja, nyingine hakuigusa. Fundi alimwinua mkewe, wakajikongoja mpaka mlangoni. Giza lilikuwa limeshaingia mtaani. Walimsikia yule mwanamke akienda zake na mzigo wake kifuani, wanapiga soga, mtu na mama yake. Ile sauti iliuliza habari za watu ambao mke wa fundi hakuwahi kuwajua. Iliuliza kama kitanda chake bado kipo.

Fundi alitaka kukimbia nyuma yao, akakumbuka kiraka kilivyoanza kuachia. Mkewe aliukamata mkono wake, akafungua mdomo, akaita kwa nguvu zake zote. Hakikusikika kitu. Kule mbali, kwenye kona, sauti yake ilikuwa inamwambia mwanamke yule atembee upesi, kunaingia baridi.