Kompyuta Aliyochaguliwa Kifungua

Nyumbani kwetu tulikuwa tunaamshwa na randa. Kabla chai haijachemka, mwanangu Fundi ameshaanza kulainisha mbao uani, na maranda yanapeperuka mpaka jikoni. Fundi ni seremala. Karakana yake ilikuwa hapohapo uani: meza ya kazi, stoo ya mbao na paa la bati.

Tulikuwa tunaishi watatu. Fundi, mimi mama yake, na binti yake. Mama wa binti alitangulia mbele ya haki. Binti ni mtoto wa kwanza, na hakufuatiwa na mwingine, basi tunamwita Kifungua.

Ninaye mwana mwingine, mdogo wake Fundi, anayekaa mtaa wa pili. Huyo kila neno hulianza na "najua". Ukimwambia mvua inanyesha, atakujibu, "Najua, hata nimelowa." Jina likamganda: Najua.

Jioni moja Najua alikuja na zawadi. Randa mpya, inang'aa.

"Kaka, tupa hilo gogo lako. Hii ndiyo ya kisasa."

Fundi aliishika, akaigeuza, akaisukuma hewani. Kisha akairudisha mezani taratibu.

"Asante, mdogo wangu. Lakini sitaiweza."

"Ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Kishikio chake ni cha kiganja kingine. Chombo cha kazi huchaguliwa na anayekitumia."

"Najua. Lakini si ungejaribu?"

"Nikijaribu, mkono utanisuta."

Kifungua akacheka. "Baba mdogo, leo posa yako imekataliwa."

Najua alinuna. Akaiweka randa juu ya kabati na kusema hairudishi nyumbani kwake, ikae huko izeeke. Nilipoona ndugu wananuniana, nikawatupia mfupa wa kutafuna.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kiatu changu alikijaribu jirani, mimi nikakivaa safarini. Nimerudi na nini?"

"Vumbi," alisema Kifungua.

"Najua," alisema Najua. "Umerudi na jirani."

"Hamkupata. Nipeni mji."

"Mama, mji nitautoa wapi?" alisema Najua. "Hata chumba nimepanga."

Tukacheka, na kununa kukaisha. Fundi alisema, "Nitalifikiria jibu lake, Mama." Kitendawili kikalala bila kuteguliwa.

Wakati huo kazi ilikuwa imepungua. Watu walikuwa wananunua makabati ya kiwandani, yale ya unga wa mbao na gundi. Maji yakiyagusa, yanavimba kama mkate ulioanguka kwenye chai. Lakini ni rahisi, na yana rangi ya kuvutia. Fundi akawa anakaa siku nzima akinoa patasi ambazo hazijakata kitu.

Ndipo alipokuja mama mmoja, msimamizi wa nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa. Walitaka vitanda, meza na makabati ya vyumba vyote.

"Kazi yako naipenda, Fundi," alisema. "Ila mwenye nyumba anataka kuona kwanza. Mchoro wa chumba kizima, kwenye kompyuta, ageuze huku na huku. Na kuna karakana nyingine imeitwa. Njooni wote Jumatatu, palepale kwenye jengo."

Alipoondoka, Fundi alitutazama. "Tukiipata kazi hii, karakana inabaki. Tukiikosa, naifunga."

Kuchora kwa kompyuta Kifungua alikuwa anakujua. Alikusomea chuoni. Lakini kompyuta zilikuwa za chuo, na chuo kimekwisha. Alirudi na ujuzi bila chombo. Kwa hiyo ilibidi inunuliwe kompyuta mpakato, ile ya kukunja na kubeba.

"Baba, twende wote dukani," alisema.

"Wewe baki upige vipimo. Nakwenda na baba yako mdogo. Ndiye anayejua mashine."

"Ile programu ya kuchora inataka kompyuta yenye…"

"Kifungua. Mashine ya kuranda nilinunua mwenyewe, na inafanya kazi mpaka leo. Kompyuta itanishinda?"

Binti akachukua kalamu na daftari la vipimo. Mtoto aliyelelewa hajibizani na baba yake.

Yaliyotokea dukani alinisimulia Najua. Seremala akinunua ubao, anaunyanyua. Ukiwa mwepesi, umeliwa na wadudu. Kisha anaugonga asikie unavyolia. Basi Fundi alinunua kompyuta vivyo hivyo. Alizinyanyua, nyepesi akazirudisha. "Hizi zimeliwa ndani," alisema. Muuzaji akacheka, akamletea moja nene, nzito, yenye taa za rangi chini ya herufi.

"Hii ina nafasi, mzee. Utaweka nyimbo mpaka za wajukuu."

"Najua," alisema Najua. "Ndizo wanazotumia maofisini."

Muuzaji hakuuliza ni ya kazi gani. Wao hawakumwambia. Ukutani palikuwa na tangazo: mali ikishauzwa hairudishwi. Walilisoma, wakalipita.

Nyumbani Kifungua aliiwasha, akasubiri. Chai ikapoa, bado inaamka. Alichora kitanda, ikakubali. Alipoongeza kabati, ikawa inajivuta. Alipoongeza meza, ikaganda.

"Baba, inazidiwa."

"Ni mpya. Haijakuzoea."

Kifungua alimfuata jirani yetu, Shangazi Miwani, anayefundisha kompyuta. Tunamwita hivyo kwa sababu miwani yake iko kichwani, naye anaitafuta mkobani. Alikuja, akaibonyezabonyeza, kisha akamgeukia Fundi.

"Fundi, stoo yako ni ipi?"

"Ile pale."

"Na meza ya kazi?"

"Hii."

"Stoo ingekuwa kubwa kama uwanja wa mpira, na meza ndogo kama kigoda. Ungeunda kabati?"

"Ningeliunda vipi? Kila nikitaka kupandisha ubao, ningeshusha mwingine."

"Basi ndiyo kompyuta hii. Stoo yake ni hifadhi, vitu vinalala humo. Ni kubwa kweli. Lakini meza yake ya kazi ni kumbukumbu, wengine wanaiita ramu. Hii ina giga nne. Kuandika barua inatosha. Mchoro wa chumba kizima, tafuta giga kumi na sita."

"Na fundi wa humo ndani ni nani?"

"Anaitwa prosesa. Huyu wenu ni mpole, anafanya kazi kwa kujikongoja. Tena hifadhi yenyewe ni ya zamani, ya sahani inayozunguka, ndiyo maana inachelewa kuamka. Siku hizi watu wanaulizia SSD, ni nyepesi na ya haraka." Akachomoa waya wa umeme, akatazama pembeni ya kioo. "Na chaji inashuka kama maji kwenye pakacha. Huko mnakokwenda kuna umeme?"

"Jengo bado halijaungwa," alisema Kifungua.

Shangazi Miwani akashusha pumzi. "Nyingine huongezwa kumbukumbu. Hii imeundwa isiongezwe. Irudisheni."

"Hairudishwi," alisema Fundi.

"Kwa hiyo ni mbovu?" aliuliza Najua.

"Si mbovu. Katibu wa kikundi, mtu wa kuandika barua, angeishukuru. Ila huanzi na kompyuta, unaanza na kazi. Unajiuliza: itafanya nini, itatumiwa na nani, na wapi. Ndipo unakwenda dukani."

"Najua," alisema Najua. Kisha akainamisha kichwa. "Hapana. Hilo sikulijua."

Jumatatu walikwenda nayo hivyohivyo. Kifungua alikuwa amekigawa chumba vipandevipande ili mashine isilemewe. Jengo lilinuka rangi mbichi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Kompyuta ikaamka kwa taabu. Kitanda kikaonekana, na nusu ya kabati.

"Kigeuze nione nyuma," alisema mwenye nyumba.

Kifungua akakigeuza. Duara likazunguka kwenye kioo, likazunguka. Feni ya ndani ikanguruma kama mashine ya kusaga. Halafu kioo kikawa cheusi. Chaji imekwisha.

"Mikono yako naiamini, Fundi," alisema mwenye nyumba. "Lakini sinunui nisichokiona."

Kazi ikaenda kwa karakana ile nyingine.

Waliporudi, hakuna aliyeketi. Kifungua alipanda kwenye stuli, akaishusha randa ya Najua kutoka juu ya kabati. Akaifuta vumbi. Akaiweka juu ya kompyuta iliyofungwa, mbele ya baba yake.

"Hii uliikataa kwa nini, Baba?"

Fundi alikigusa kishikio cha randa, akaondoa mkono.

"Mimi nilikuwa hapahapa. Ningeulizwa, ningejibu."

Hakupaza sauti. Angepaza, labda baba yake angepata pa kumkaripia. Fundi alitoka uani, akasimama mbele ya meza yake ya kazi mpaka giza likaingia.

Karakana aliifunga, kama alivyosema. Leo pale uani kuna viti vya plastiki vya mtu tuliyempangisha. Ile kompyuta nzito aliinunua katibu wa kikundi cha akina mama, na anaisifu kila tukikutana. Anaandikia barua na kumbukumbu za mikutano, haimsumbui. Fundi aliiuza pia mashine yake ya kuranda. Siku waliyokuja kuibeba, alimwambia Kifungua, "Vaa viatu. Twende ukachague."

Dukani hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Mimi na Shangazi Miwani tukaingia na Kifungua.

Safari hii yeye ndiye aliyeanza kusema. "Nachora nyumba na samani. Nawafuata wateja walipo. Pengine umeme hakuna."

Muuzaji akaleta yenye taa. Kifungua akairudisha. Akaulizia kumbukumbu, akataka aoneshwe kwenye kioo, si kwa mdomo. Akaulizia SSD na prosesa. Kabla ya kulipa aliiwasha. Alibonyeza herufi zote moja baada ya nyingine, akachomeka flashi kila tundu, akafungua mchoro wa chumba kizima aliokuja nao. Aliugeuza huku na huku, ukageuka. Akachomoa waya, tukakaa pale tukiitazama chaji. Ilishuka taratibu. Mwisho akaibeba kwa mkono mmoja, akatembea nayo dukani kama anayejaribu kiatu.

"Na ikiharibika?" aliuliza.

"Tunaitengeneza bure mwaka mzima."

"Niandikie."

Ilikuwa imetumika kidogo, na mgongoni ina mkwaruzo. Tulipotoka nayo, Fundi aliipokea, akaipima mkononi. Nyepesi.

"Ina mkwaruzo," alisema.

"Nimeuona, Baba."

"Haya."

Kompyuta hiyo haijamwangusha Kifungua hata mara moja. Wateja wanamwita majumbani mwao, anachora wakitazama. Kisha karakana iliyopata kazi ya nyumba ya wageni ikamchukua awe mchoraji wake. Chungu chetu hakikosi kitu, namshukuru Mungu.

Na karakana hiyohiyo ndiyo iliyomwajiri baba yake. Asubuhi anapewa mchoro, na mchoro ni wa binti yake. Anasema hauna kosa. Lakini sheria ya pale, chombo cha mtu hakivuki geti. Randa yake ya miaka yote iko nyumbani chini ya kitanda. Kazini amepewa randa ya stoo, iliyonunuliwa na mtu asiyewahi kumwona.

Juzi jioni alikaa karibu yangu barazani. Alikuwa anajisugua chini ya kidole gumba.

"Mama, kile kitendawili chako cha kiatu."

"Ndiyo."

Akafungua kiganja, akakitazama. "Umerudi na malengelenge."

"Umepata, mwanangu," nikasema.

Nikaingia ndani kumtafutia mafuta ya kupaka.