Ndoo ya Kinyonga

Kila asubuhi kabla ya shule Janeffer alikuwa na kazi tatu. Kwanza, kufagia zizi la ng'ombe. Pili, kumpelekea baba yake chai ya moto shambani, maana Mzee Benard alianza kuchuma majani chai kabla umande haujakauka. Kazi ya tatu hakuna aliyemtuma. Alikamata nzi wanne au watano pale zizini, akawapeleka kwa kinyonga wake.

Kinyonga huyo alikuwa jike, na jina lake Taratibu. Janeffer alimpata kwenye ua wa shamba lao, karibu na Kapkatet, siku walipokuwa wakipunguza matawi. Akamtengenezea kizimba cha wavu nyuma ya jikoni. Watu wengi pale huogopa kinyonga. Majirani wakija kuomba chumvi walizungukia upande mwingine wa jikoni, hata kama kuna matope. Kaka yake Kipngeno hakuogopa. Yeye alicheka tu.

"Daktari wa vinyonga, mgonjwa ameamkaje? Tangu jana amepiga hatua mbili ama tatu?"

"Amekushinda wewe. Yeye ameshaamka na kunawa uso."

Mwezi wa tatu mvua ilipoanza, Taratibu alibadilika. Alikataa nzi. Tumbo lake lilijaa vinundu, kama mfuko mdogo wa maharagwe. Kutwa nzima alishuka, akakwaruza ubao wa chini, akapanda, akashuka tena.

Jumatatu moja Daktari Quinter alifika kwa pikipiki kumtibu ng'ombe aliyevimba kiwele. Alikuwa mwanamke mrefu aliyehamia huko kutoka upande wa ziwa, na hakupenda maneno mengi. Ng'ombe alihitaji sindano siku tatu mfululizo. Alipomaliza ya kwanza, Janeffer akamwomba amwangalie kinyonga.

"Mimi ni wa ng'ombe," Daktari alisema, lakini akainama. "Huyu ana mayai. Anatafuta mahali pa kuchimba. Asipopata, mayai yatakwama ndani na yatamuua. Tafuta ndoo, weka udongo wenye unyevu, kina kama kutoka kiwiko chako mpaka vidoleni. Mfunike kwa gunia asione watu. Basi."

Janeffer alijaza ndoo udongo kama alivyoambiwa. Lakini akiwa amesimama mbele ya ile ndoo, akamkumbuka baba yake. Kila mvua ikianza, Baba hutia mbolea kwenye mashina ya chai na kuwaambia watoto wake, "Mti ukitaka kutoa majani, lazima ule kwanza." Sasa, kama mti wa chai hula mbolea ndipo utoe majani, je, mama anayetaka kutoa mayai? Ni wazo la mtoto aliyelelewa ndani ya chai. Mtoto wa kwingine asingelifikiria.

Gunia la mbolea lilikuwa stoo, mdomo wake umeshonwa kwa uzi. Baba alikuwa ameonya kwamba asiyetumwa asiliguse. Janeffer alifungua uzi, akachota kikombe kimoja, akachanganya na udongo wa ndoo na kumwagia maji mpaka punje zikayeyuka. Kisha akashona gunia tena, vibaya vibaya, akaiingiza ndoo kizimbani kwa Taratibu na kuifunika.

Jumanne alipotoka shule alikuta Taratibu amechimba shimo dogo na kuliacha. Alikuwa ameng'ang'ania wavu, mdomo wazi, nyayo zake nyekundu. Daktari Quinter, aliyekuja kwa sindano ya pili ya ng'ombe, alimtazama kwa muda mrefu.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Chini ya ua."

"Kuna kitu umeongeza?"

Baba alikuwa pale pale, ameshika kamba ya ng'ombe.

"Hakuna, Daktari."

"Una uhakika?"

"Hakuna kitu."

"Basi labda mmemchungulia akaogopa. Mrudishe ndani ya ndoo, mfunike, mwacheni mpaka kesho."

Janeffer alimrudisha kwa mikono yake mwenyewe, akafunika gunia. Alijua. Si kwamba alijua mbolea inaunguza, hilo hakulijua bado. Alijua tu kwamba ameulizwa na hakusema.

Jioni wakila ugali, Baba aliweka kijiko chini. "Nani amefungua gunia la mbolea?"

Janeffer alimega tonge jingine. Baba akamgeukia kaka yake.

"Kipngeno, wewe ndiye uliyeingia stoo jana."

"Nilichukua panga tu, Baba. Haki ya Mungu."

"Gunia limeshonwa kama kazi ya kipofu, na wewe unaniapia hapa! Kesho hakuna mpira. Ukitoka shule utapalilia mahindi."

Kipngeno alikuwa mlinda lango wa shule yao, na Jumatano ndiyo iliyokuwa siku ya mechi aliyoingojea tangu muhula ufunguliwe. Alimgeukia dada yake kana kwamba anatafuta shahidi. Janeffer alikuwa akiitazama sahani yake.

Jumatano saa kumi Daktari alimdunga ng'ombe sindano ya mwisho. Kiwele kilikuwa kimepungua. Alipofunua ndoo alimkuta Taratibu amelala ubavu, rangi imekuwa kama majivu, macho yamezama.

"Huyu anakwisha," Daktari alisema. "Na sijui kwa nini. Ningejua sababu ningejaribu kitu. Sasa nitajaribu nini? Mimi kesho sirudi."

"Achana na huyo mdudu, Daktari," Baba alisema. "Ng'ombe amepona, inatosha."

Daktari alianza kufunga mkoba wake. Ndipo Janeffer akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, "Niliweka mbolea."

"Uliweka nini?"

"Mbolea ya chai. Kikombe kimoja. Mimi ndiye niliyefungua gunia. Si Kipngeno."

Daktari hakungoja mengine. Alimtoa Taratibu mle ndani, akamwosha miguu na tumbo kwa maji safi, akamdondoshea maji mdomoni tone kwa tone. "Kimbia ulete udongo kutoka mahali ambapo mbolea haijawahi kufika. Mwaga huu wote. Osha ndoo mara tatu!" Janeffer alikimbilia kwenye migomba, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikauma. Baba alisimama tu, akiangalia upande wa mahindi, ambako jembe la Kipngeno lilikuwa likipanda na kushuka. Wakati huo mechi ilikuwa imefika kipindi cha pili.

Alhamisi Taratibu alichimba tangu alfajiri. Alichimba kidogo, akapumzika, akachimba tena kwa ile miguu iliyoungua. Hakuna aliyemchungulia. Jioni alikuwa ameufukia mlango wa shimo na kuukanyaga vizuri, naye amelala juu yake, tumbo limeshikana na mgongo. Ijumaa asubuhi Janeffer alimkuta hapo hapo, amekauka kama jani.

Baba mwenyewe alimpigia Daktari simu, naye akapitia mchana. Alifukua udongo kwa kijiko, polepole, na kuhesabu mayai ishirini na mawili, meupe, laini. Hakugeuza hata moja. Akayafukia tena.

"Haya ni mazima. Weka ndoo kivulini, udongo usikauke. Itachukua miezi mingi. Wakitoka, waachie kwenye ua. Hata mama yao kwao kulikuwa kule, si ndani ya wavu."

Janeffer alikuwa akilia. Kipngeno alikaa kwenye kizingiti, hakumkejeli wala kumbembeleza.

"Tulifungwa tatu," alisema. "Langoni waliweka mtoto wa gredi ya nne."

"Nisamehe."

"Nimesikia. Lakini mechi hairudiwi."

Daktari Quinter alinawa mikono, akakaa kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa. "Janeffer, sikiliza. Kuweka mbolea lilikuwa kosa la kutojua, na mimi silihesabu. Ungeniambia Jumanne, ningemwosha siku ile ile, akachimba akiwa bado na nguvu. Mimi kazi yangu ni kutibu wasioweza kusema. Namtegemea mwenye mnyama aseme badala yao. Nilikuuliza, ukanidanganya, nami nikakwambia umrudishe kwenye udongo uliokuwa ukimwunguza. Ile siku moja ndiyo iliyomuua."

Kisha akamgeukia Mzee Benard. "Na wewe, Baba Kipngeno, usiniudhikie. Mtoto akiogopa gunia lako kuliko kusema uongo, hapo mzee wa nyumba ni gunia, si wewe."

 Baba alimwendea Kipngeno pale kizingitini. "Nilikuadhibu bure," alisema. "Jumatatu nitakuja shuleni nimwambie mwalimu wako kwa nini hukucheza."

Daktari alisimama na kuvaa kofia yake ya pikipiki. "Machozi ni yako, lia," alimwambia Janeffer. "Lakini ukweli usiucheleweshe tena. Ukweli uliochelewa bado unasaidia, umeona, mayai yamepona. Ila kuna mtu huwa ameshalipa."

Janeffer alibeba ndoo kwa mikono miwili, bila kuitikisa, akaipeleka kivulini.