Upande wa Chiriku

Kila asubuhi, kengele ikishalia, watoto wa darasa la tano walikutanisha madawati mawili mawili, uso kwa uso, wakakaa wanne wanne kukizunguka kitabu kimoja cha Kiingereza. Vitabu vilikuwa vichache kuliko watoto. Kitendawili: anasema na wanne kwa pamoja, na mdomo hana: nani huyo? Basi ndiye huyo kitabu.

Katika kundi la nyuma kitabu kilikaa mbele ya mvulana aliyeitwa Meneja. Aliyeongoza mtihani katika kundi ndiye aliyekabidhiwa kitabu, na yeye alikishika kana kwamba amekizaa. Upande wa pili wa dawati, wakitazamana, alikaa msichana mwenye maneno mengi. Huyo wenzake walimwita Chiriku.

Sarufi ya mdomo aliiweza Chiriku. Mwalimu akisema, "Leo ninakwenda sokoni. Na jana je?" mkono wake ulikuwa juu kabla ya wengine, na Kiingereza kikamtoka kimenyooka. Kundi likisoma kwa pamoja, sauti yake ilizifunika zote. Lakini siku hiyo mwalimu alimwita mbele, akampa kitabu, akamwambia asome peke yake.

Chiriku akautazama ukurasa, akakisogeza kitabu karibu na uso.

"Soma, mwanangu."

Chiriku akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, akakirudisha mwanzo.

"Ukurasa huu tumeusoma wiki nzima! Si wewe uliyekuwa ukitutoboa masikio?" Mwalimu alishusha pumzi, akajifuta chaki mikononi. "Sarufi unajua, kuongea ndiyo usiseme, kusoma hujui? Nikueleweje?"

Chiriku akakigeuza kitabu, juu chini. Darasa zima likaangua kicheko.

"Ala! Unanichezea shere?" Mwalimu akamnyang'anya kitabu. "Ijumaa utausoma mbele yangu. Ukishindwa, vipindi vya Kiingereza utakaa na darasa la tatu. Nimechoka mimi!"

Darasa la tatu! Huko ndiko alikosoma mdogo wake, na mdogo wake hakuwa na dogo. Angemcheka mpaka sikukuu.

Nyumbani aliingia bila hadithi zake za kila siku, akamkuta mama yake, fundi cherehani, anatia uzi kwenye sindano.

"Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu, mama. Mwalimu ananionea tu."

"Watoto wote wale, akuonee wewe tu?" Uzi ukakosa tundu, mama akasonya. "Chiriku akinyamaza, kuna jambo. Sema, au niache nishone sare za watu."

Chiriku akasugua mguu sakafuni. "Pale ninapokaa, kitabu kinanigeuzia miguu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uanze. Kiswahili hakinisumbui, mama, kinasomeka kilivyoandikwa. Kiingereza kina mambo yake, kila neno nimelishika kwa sura yake, kama uso wa mtu. Sasa sura ninazozijua mimi zote zimesimama kwa kichwa. Nikipewa kitabu kilichokaa sawa, naona wageni watupu."

Mama aliiacha sindano. "Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia Meneja akigeuze. Akasema kitabu hakizungushwi kama chapati. Nikaona nikimwambia mwalimu, watanicheka."

"Na leo hawakukucheka?"

Chiriku akainama kuokota kipande cha uzi sakafuni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama akasema. "Mdomo wa kunimaliza mimi hapa unao, wa kumwambia mwalimu ukaukosa? Kesho nenda kaseme."

Kesho yake, kabla ya kipindi, Chiriku alisimama mbele ya meza ya mwalimu akasema yote, tena kwa haraka, asije akaghairi.

"Hilo ndilo jipya la leo?" mwalimu akauliza. Hata hivyo alikwenda nyuma ya darasa, akajibana kwenye kiti cha Chiriku, magoti yakagonga dawati. "Haya, Meneja, weka kitabu kama unavyoweka siku zote."

Meneja akakiweka. Mwalimu akainama, akapinda shingo huku, akaipinda kule. Kisha akamwita Chiriku, akamwonyesha kwa kidole habari ambayo darasa halijawahi kuifikia. Chiriku akaisoma kutoka upande ule ule, juu chini, maneno mengi bila kukwama. Safari hii hakucheka mtu.

"Wewe Meneja, hamia huku," mwalimu akasema. "Soma."

Meneja akakodoa macho. "Mwalimu, mbona haya maneno yamelewa?"

Hapo ndipo walipocheka, na Chiriku akacheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo kitabu kilizungushwa: kila aya ikiisha, kinageuzwa kwa anayefuata. Meneja alinung'unika, lakini alikizungusha. Chiriku naye, kila jioni, alibaki na mwalimu kuzizoea zile sura zikiwa zimesimama kwa miguu.

Ijumaa ilipofika alisimama mbele, kitabu kimekaa sawa. Alisoma polepole, akakwama, akarudi nyuma, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Jasho lilimtoka kama aliyebeba maji.

"Kaa kwenye kundi lako," mwalimu akasema. "La tatu huendi."

Kisha akaligeukia darasa. "Mimi nilikosea: niligomba kabla ya kuuliza. Meneja alikosea: alikifanya cha wote kuwa chake. Lakini, wanangu, mimi sina macho kisogoni. Usipoona, sema huoni. Kicheko cha wenzako kinakwisha kabla ya kengele. Usichokijua ukikifunika, unapanda nacho darasa hadi darasa."